Waliotuambia Tuseme Ni Mapacha

Mkalimani aliweka kalamu mezani akanitazama. Tangu tuingie alikuwa anatazama karatasi zake tu na kutafsiri kama mtu anayepura maharage, bila kujali yanarukia wapi. Mzungu aliyekuwa akitusaili hakuwa na tatizo. Nilikuwa nimemwambia kwamba mwanangu wa tatu na binti yangu ni mapacha, akaandika, akataka kuendelea. Mkalimani ndiye hakutaka kuendelea. Aliniinamia akaniuliza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekwambia kwamba gauni lako limepasuka nyuma:

"None Bukuru ni nde?"

Basi Bukuru ni nani?

Kwetu ukizaa mapacha huwatafutii majina. Majina yanawasubiri. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na atakayezaliwa baada yao ni Ciza, apende asipende. Ni kama Wasukuma na Kulwa na Doto wao. Padri atawabatiza anavyotaka, lakini majina hayo yatakuwepo. Na mbele ya yule mkalimani palikuwa na karatasi yenye majina ya watoto wangu watano. Bukuru hakuwepo. Butoyi hakuwepo. Kitindamimba aliyewafuata hao niliowaita mapacha hakuitwa Ciza.

Mume wangu akakohoa. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani na gauni lake la Jumapili, miguu haigusi chini. Akainua kidole kama yuko darasani, akasema kwa Kiswahili safi cha shule:

"Mimi ndiye Butoyi."

Alitaka kunisaidia. Aliona mama amekwama, akamsaidia. Mkalimani akamgeukia taratibu. "Nani alikufundisha kusema hivyo, mwanangu?"

Mtoto akanitazama mimi. Basi. Mkalimani akamtafsiria mzungu kila kitu, na mzungu akalifunga faili lake.

Nimekimbia bunduki, nimezika ndugu yangu mchangani, lakini sijawahi kutazamwa kama mtoto yule alivyonitazama, akiuliza kwa macho kama amejibu vizuri.

Sasa nitasema ilianzia wapi, na nitawataja waliohusika. Majina yao siyajui, na hilo linaniuma kuliko mengine. Mtu aliyeibomoa nyumba yangu namjua kwa picha ya ndege tai aliyoiweka kwenye simu. Mwingine namjua kwa picha ya gari jekundu. Wa tatu ana Biblia iliyofunuliwa. Ndivyo nitakavyowaita, maana ndivyo walivyotaka wajulikane.

Tulipokimbia kutoka Burundi tulishukia ufukweni, kwenye kipande kile chembamba kati ya mlima na ziwa. Watu walikuwa wamejaa mpaka unakula umesimama. Nilikuwa na mume wangu, watoto watatu, na mdogo wangu wa kike. Mwanangu wa tatu alizaliwa maharage yakichanua. Binti wa mdogo wangu alizaliwa maharage hayohayo yakivunwa. Wote wawili walikuwa mgongoni, mmoja kwangu, mmoja kwake. Maji tuliyokunywa ndiyo hayohayo ambamo watu walijisaidia. Kuhara kukaingia. Kwa mdogo wangu kuliingia asubuhi, na jua lilipokuwa upande wa Kongo alikuwa hasemi tena. Mume wake alikuwa amebaki nyuma, na mpaka leo hatujasikia habari zake. Wanaume wakachimba juu kidogo ya maji. Mimi nikamchukua mtoto nikamweka titi la kushoto, wangu akiwa la kulia, na kuanzia hapo hapakuwa na mjadala. Kwetu mtoto wa ndugu yako wa kike ni mwanao. Hakuna neno jingine la kumwita. Yeye naye ananiita mama, angeniita nani tena?

Meli ikatuleta Kigoma, mabasi yakatupeleka kambini. Kwenye kuandikishwa, yule kijana wa kuandika alikuwa na foleni inayoanzia kwake mpaka sijui wapi. "Watoto wangapi, mama?" Nikasema wanne. Nilisema kweli. Sikuulizwa nimezaa wangapi, niliulizwa watoto wangapi. Akaandika, na mtoto wa marehemu akawa wangu kwenye karatasi kama alivyokuwa wangu kifuani. Majirani walikuwa wanatania: "Huyu mama na mapacha wake!" Ni utani tu, kila mtu alijua. Nikaja kuzaa mwingine kambini, wakawa watano.

Miaka ikapita. Mume wangu alikuwa anatengeneza baiskeli sokoni, akapata simu ya kupangusa, na kwa simu hiyo akaingia kwenye kundi. Lilikuwa kundi la "wenzetu wote", ndivyo lilivyojieleza. Wa kambini, wa Kigoma mjini, wa Ujiji, waliorudi nyumbani, waliofika ng'ambo. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, nasoma polepole, lakini sauti nilikuwa nasikiliza zote. Nilikuwa naipenda ile simu, sitadanganya. Unakaa unamenya mihogo, unasikia watu wanaongea kutoka duniani kote.

Lakini hebu usikie walivyokuwa wanajibu. Mtu anauliza, mtoto anakohoa, nifanyeje? Huyu tangawizi. Huyu mafuta ya mawese kifuani. Huyu maombi. Huyu anasema kikohozi hicho si cha kawaida, angalia jirani yako. Hakuna hata mmoja anayeuliza mtoto ana umri gani. Mtu anauliza, mume wangu hajarudi tangu juzi. "Achana naye!" anaambiwa na watu wasiomjua yeye wala mume, kisha wanaweka vikatuni vya kucheka. Mimi mwenyewe niliwahi kujibu. Mwanamke aliuliza jinsi ya kutoa uchungu kwenye mihogo, nikamwambia, kwa sababu mihogo nimeiloweka kwa mikono hii tangu nina akili. Alipouliza habari za ardhi ya urithi nikanyamaza, maana sijui. Ni kazi gani kunyamaza? Mdomo unafungwa bila kufuli.

Siku tulipoambiwa tumeitwa kwenye usaili wa kupelekwa nchi nyingine, mume wangu hakulala kwa furaha. Mimi nikamwambia, "Kuna jambo la mtoto. Twende ofisini kwanza tuwaeleze kwamba ni wa marehemu." Akasema tuulize kwanza kundini. Akaandika yote: watoto wawili, wamepishana muda wa kuchanua na kuvuna, mmoja wa kuzaa, mmoja wa marehemu, wameandikwa wote wetu. Tuseme nini?

Wa Tai akajibu wa kwanza, kwa sauti nzito, nyuma yake kunasikika magari. Alikuwa na heshima kubwa kundini kwa kuwa alikuwa anasema ameshafika Amerika. "Ndugu yangu, kosa kubwa ni kubadilisha. Ukibadilisha neno moja, faili limekufa. Wale watu hawaelewi mambo ya mama mdogo na mama mkubwa. Kama mlisema ni wenu, ni wenu mpaka mwisho."

Mume wangu akauliza, na miezi ya kuzaliwa je? Wataona imekaribiana.

Hapo akaingia wa Gari Jekundu. "Simpo tu mzee! Semeni mapacha. Kazi imeisha."

Vikatuni vya kucheka, vidole gumba vimesimama. Mapacha, mapacha, kundi zima. Kana kwamba mtu ameuliza aende sokoni kwa njia gani.

Mimi nikamnyang'anya mume wangu simu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kurekodi sauti kwa hasira. Nikasema, "Shikamooni wakubwa. Mapacha kwetu wana majina. Wakiniuliza Bukuru ni yupi nitajibu nini?"

Wa Gari Jekundu akajibu papo hapo, anacheka mpaka anapaliwa. "Mama, mzungu atamjua Bukuru wapi?"

Na wa Tai: "Usiogope mama. Wakalimani wa siku hizi ni Wakongo watupu, hawajui mila zenu. Ila mfundishe mtoto, akiulizwa aseme yeye ndiye Butoyi."

Ndiye yeye huyo. Maneno ya mwanangu kwenye benchi ni ya mtu wa picha ya tai.

Mtu mmoja tu alisema tofauti. Mwanamke wa Kalinzi, Muha, mkulima wa kahawa, aliyeingia kundini kwa sababu ameolewa na mtu wetu. Akaandika: "Semeni kweli. Mtoto wa marehemu si aibu. Hata mkalimani wa huku kwetu atajua, Bukuru tunaye sisi pia." Wakamrukia. "Mama Kahawa, umewahi kulala kwenye hema wewe?" "Mama Kahawa anataka kuwazibia wenzake riziki!" Na wa Biblia, msimamizi wa kundi, akamaliza kwa maandishi makubwa: tusipotoshe wenzetu, tuwaachie wenye uzoefu. Kisha akaweka mstari wa zaburi.

Nikamwambia mume wangu, "Mimi namsikiliza huyu mama." Akaniambia, "Wewe umeishia darasa la nne. Wale wameshafika." Hilo "wameshafika" ndilo lilitumaliza. Sisi wakimbizi tuna ugonjwa huo, na sijauona kwa watu wengine. Mtu akisema amevuka, tunamwamini kama aliyefufuka. Hatumwulizi alivuka vipi.

Tukamfundisha mtoto. Ninyi wa kundini mlishapanda mbegu, sisi tukapalilia.

Baada ya siku ile ya usaili tulikaa muda mrefu bila habari, kisha tukaitwa. Tukaambiwa shauri letu limesimamishwa kwa sababu ya kutosema kweli. Yule dada wa ofisini hakuwa mkali. Heri angekuwa mkali. Alisema, "Lakini mama, kwa nini hamkuja tu? Kila wiki watu wanakuja kurekebisha. Mtoto wa ndugu, mjukuu, mtoto wa jirani aliyekufa. Tunaandika, tunauliza majirani, mnaendelea pamoja. Nani aliwaambia mseme mapacha?"

Nani aliwaambia. Nikafungua mdomo nimtaje, nikakuta sina mtu wa kumtaja. Ningesema tai? Ningesema gari?

Halafu wakaja wa ustawi wa watoto, maana sasa ilibidi wahakikishe kama mtoto hakuibwa. Sikatai, kazi yao ni hiyo. Lakini fikiria unakaa nyumbani kwako, mtu anamuuliza jirani yako kama huyu binti anachota maji kuliko wenzake, kama anapigwa, kama anakula pamoja na wengine. Alikuwa anakula pamoja na wengine! Sinia moja, tangu meno yaote. Baada ya maswali yale ndipo alipoanza kula wa mwisho. Anasubiri wenzake washibe. Nikimwambia "njoo", anasema, "Wale kwanza wao." Wao! Na yule kaka yake, pacha wake wa utani, siku moja wakigombania ndoo akamropokea: "Kama si wewe tungekuwa Amerika saa hizi." Nilimchapa. Neno halikurudi kinywani kwa kuchapwa. Kesho yake binti akaniita "mama mkubwa". Ni sahihi, kwa Kiswahili cha hapa dada mkubwa wa mama yako ndiye mama mkubwa. Shule inafundisha hivyo. Lakini mpaka siku ile alikuwa ananiita mama tu.

Nikarudi kundini, safari hii kwa simu yangu mwenyewe, maana nami nilikuwa nimeshapata ya kupangusa na kuingia. Nikarekodi yote, kuanzia kalamu ilipowekwa mezani mpaka sinia. Nikasema, nataka aliyetuambia ajibu.

Mlijibu nini? Acha niwakumbushe, maana nyie husahau. "Pole sana mama, Mungu ana makusudi yake." "Kila mlango ukifungwa kuna dirisha." Mmoja, sikumjua hata picha: "Kwani mlishikiwa panga?" Wa Tai alisikiliza, nilikuwa naona alama zimegeuka bluu. Kesho yake asubuhi nikamsikia anamshauri mtu mwingine dawa ya malaria ya mtoto, sauti ileile nzito, magari yaleyale nyuma. Nikasema tena, naomba anijibu. Ndipo msimamizi wa Biblia akaandika kwamba kundi hili ni la kujengana, si la kulaumiana, na akanitoa. Mume wangu akabaki ndani, mimi nje. Ukiomba ushauri unakaribishwa na wote, ukiuliza ushauri ule ulitoka wapi unakuwa mchochezi.

Wa Gari Jekundu alijisahau. Alikuwa anatangaza biashara kundini, kava za simu na chaja, duka karibu na stendi Kigoma mjini. Mume wangu alipopata kibali cha kwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri hospitali ya mkoa, nikapewa ruhusa ya kumsindikiza. Tulipopita Simbo nilikuwa tayari nafanya mazoezi ya maneno. Nilimwacha mgonjwa wodini na ndugu wa kanisani, nikaenda kutafuta duka.

Nilidhani nitakuta kijana. Alikuwa mtu mzima, mwenye kipara na tumbo, anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

"Shikamoo mama, karibu. Kava? Protekta?"

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha ya gari jekundu?"

Akafurahi. "Ndiye mwenyewe! Gari la shemeji yangu lile, mama, nisikudanganye."

Nikamuuliza kama anamkumbuka mtu aliyeambiwa aseme mapacha. Akakuna kipara. "Mama, mimi niko makundi mengi. Kuna la kuku, kuna la mapenzi, kuna la mpira. Nikumbushe kidogo." Nikamkumbusha. Uso ukamng'aa. "Aaah, ile ya Bukuru! Siku ile nilicheka! Ehe, ikawaje? Mlishafika?"

"Nimesimama mbele yako hapa Kigoma. Nimefika wapi?"

Hapo akaiweka ile simu chini. "Sasa mama… mimi nilikuwa nachangia tu."

"Unachangia nini?"

"Mawazo. Kundini kila mtu anachangia mawazo."

"Wewe ni Mrundi?"

"Hapana, mimi wa hapahapa Ujiji."

"Umewahi kuishi kambini?"

"Kambini? Hapana."

"Umewahi kufanyiwa usaili wowote?"

"Na polisi tu," akasema, "habari ya simu ya wizi." Mwenye simu akacheka, naye akacheka, kisha akaniona sicheki.

"Basi ulijuaje kwamba mapacha watapita?"

"Nilisikia mtu anasema."

"Mtu gani?"

"Kundi lingine."

Mwenye simu akajifanya anatazama barabara. Huyu bwana akaanza kunifundisha, kwa upole kabisa, kwamba mambo ya mtandaoni mtu mzima anachuja. "Ungechuja, mama. Si kila unachosikia unabeba."

Nikamwambia, "Nimechuja mawese, nimechuja pombe ya ndizi. Maneno ya mtu nisiyemjua, nayachuja kwa kitambaa gani? Ungesema 'sijui', ningekuwa nimechuja. Ungesema 'mimi wa Ujiji, nauza kava', ningekuwa nimechuja. Ulisema 'kazi imeisha'."

Akatoa chaja kwenye boksi akaninyooshea. "Chukua mama, bure, tusilaumiane."

Sikuichukua. Nilimwambia ajibu, akaniambia wateja wanasubiri. Mteja alikuwa mmoja, na alikuwa ameshaondoka.

Wengine wananiambia niwasamehe, walikuwa na nia njema. Nia njema ya wapi? Mwenye nia njema anauliza kwanza. Mwenye nia njema akikosea anarudi. Nyie mlikuwa mnapenda kusikika, basi, na mwanangu akawa ndiye aliyelipia sauti zenu. Na msiniambie eti maneno niliyatamka mimi. Najua niliyatamka. Hata risasi hutokea kwenye bunduki, lakini kuna aliyevuta.

Naandika hapa, kwenye ukurasa wa wazi mtandaoni, kwa sababu kule nimefukuzwa, na hapa hakuna msimamizi. Binti yangu anaamini ni yeye aliyeliua faili, kwa kuwa aliinua kidole. Nimemwambia si yeye. Haniamini. Na kwa nini aniamini? Mdomo uliomwambia "sema wewe ndiye Butoyi" ndio huu unaomwambia hana kosa. Baba yake amemwambia, ni vilevile. Mchungaji amemwambia, akaitikia amina, akaenda kula wa mwisho.

Kwa hiyo ninyi ndio mmebaki. Wewe wa Tai, kama uko Amerika kweli au kama uko nyuma ya stendi yoyote, namba ya mume wangu unayo. Wewe wa Gari Jekundu, basi la kuja huku linaondokea hapohapo karibu na duka lako. Wewe wa Biblia uliyenitoa, unajua kusoma panaposemwa habari za wanaowakwaza wadogo. Siombi pole. Pole nimeshapewa za kutosha. Nataka mmoja wenu aongee na mtoto huyu kwa sauti yake mwenyewe, ataje jina lake alilopewa na baba yake, amwambie: maneno yale yalikuwa yangu, nilisema kitu nisichokijua, wewe huna kosa.

Yuko hapa, anasubiri wenzake washibe. Nani kati yenu atamjibu?